Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Futiboli na Besiboli ya Grambling

Ndugu wanachama,

Nawasalimu na kuwashukuru kwa kufika. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Nitazungumzia kazi iliyotushughulisha kuliko zote mwaka huu, yaani kukusanya historia ya futiboli ya Kimarekani na besiboli katika chuo chetu, Grambling State, chuo cha Weusi huko Louisiana, Marekani.

Upande wa futiboli haukutusumbua. Habari za kocha Eddie Robinson zimejaa kila mahali, na tangu 2010 ana makumbusho yake hapohapo chuoni. Alianza kazi mwaka 1941. Msimu wa 1942 vijana wake walimaliza bila kupoteza mechi na bila kuruhusu hata pointi moja. Alipostaafu 1997 alikuwa amefikisha ushindi 408. Tank Younger alitoka kwake kwenda Los Angeles Rams mwaka 1949, akawa mchezaji wa kwanza wa vyuo vya Weusi kuingia NFL, ligi kuu ya futiboli ya kulipwa. Doug Williams naye, Januari 1988, aliiongoza Washington kuichapa Denver 42 kwa 10 katika Super Bowl, fainali ya ligi hiyo. Sipendi tuishie kwenye vikombe, hata hivyo. Robinson alikata nyasi za uwanja na kuwatengenezea wachezaji mikate ya safarini, kwa sababu migahawa ya njiani ilikuwa haiwahudumii Weusi. Hayo nayo tumeyaandika.

Je, aliyemwajiri Robinson ni nani? Tulipouliza, wengi wetu tulinyamaza. Ni Ralph Waldo Emerson Jones, mkuu wa chuo kuanzia 1936 hadi 1977, na miaka yote hiyo alikuwa pia kocha wa besiboli. Chuo kidogo, fedha haba, sheria za ubaguzi pande zote, na mkuu mwenyewe yuko uwanjani na timu! Timu zake zilishinda zaidi ya mechi 800. Kwa maoni yangu, heshima yote ya michezo pale ilianzia kwake, na tumemsahau isivyo haki.

Wachezaji wake si wa kubezwa. Mwaka 1967 Ralph Garr alikuwa na wastani wa kupiga mpira wa .585, maana yake alifanikiwa katika zaidi ya nusu ya mapigo yake, jambo adimu mno katika besiboli. Mwaka 1974, akiwa Atlanta Braves, aliongoza Ligi ya National, moja ya ligi kuu mbili za besiboli, kwa wastani wa .353. Tommie Agee, aliyepita Grambling kabla yake, aliiokoa New York Mets katika mechi ya tatu ya World Series ya 1969, yaani fainali ya besiboli, kwa kudaka mipira miwili iliyokuwa inaelekea kuwapa Baltimore mikimbio (pointi za besiboli) mingi. Jones alipoondoka, timu ilichukuliwa na Wilbert Ellis, msaidizi wake wa muda mrefu, aliyeifundisha hadi 2003.

Safari ya New Orleans kuishangilia timu dhidi ya chuo cha Southern katika Bayou Classic, mechi ya futiboli ya kila mwaka, ilifanyika vizuri, na akina mama wa kamati ya chakula wanastahili shukrani zetu zote.

Kwa mwaka ujao naomba mkutano huu uidhinishe sehemu ya ada itumike kurekodi sauti za wazee waliocheza besiboli chini ya Jones. Wengi wao ni watu wazima sana sasa. Wenye jamaa au marafiki miongoni mwao wamwone katibu leo kabla ya kuondoka.