YAH: KUTOLEWA MAMA YANGU CHUMBANI USIKU KATIKA KAMBI YENU YA BIDIYA

Maskati,
20 Januari 2025.

Kwa Meneja,
Ofisi ya Maskati.

Assalaam alaykum.

Naandika kuhusu safari ya jangwani ya tarehe 15 hadi 16 mwezi huu, Maskati hadi Bidiya, kulala kambini usiku mmoja. Risiti nimeiambatisha. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu tangu nilipoulizia bei tulizungumza Kiswahili, na maneno aliyoambiwa mama yangu kule kambini yalikuwa ya Kiswahili vilevile. Hapana atakayekuja kusema hatukufahamiana.

Masharti yenu ya malipo na ya kubadilisha chumba mnayajua kuliko mimi, sitawasomea. Nasema lililotokea.

Baada ya magharibi mama yangu, mtu mzima wa miaka 71, alitolewa katika chumba tulichokilipia, wakatiwa wageni wengine waliofika nyuma yetu. Hakuombwa wala hakuelezwa. Msimamizi wenu wa kambi alimchukulia ufunguo mkononi mwake, mbele ya watu waliokwisha kaa kwenye chakula, akamwambia: "Bibi, nyinyi watu wa Unguja mmezoea mkeka. Hapo majlisi patakutosheni." Majlisi ndilo baraza la kukaa wageni. Kisha akaenda zake.

Hilo ndilo lililonifanya nikae kuandika. Mengine ningeyameza, ingawa nayo nitayataja, kwa kuwa yanaonyesha kuwa siku ile ilikuwa mbovu tangu asubuhi.

Dereva wenu tuliahidiwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Alitokea inakaribia saa tatu, na hata salamu alitupa kama anayetufanyia hisani. Tulichagua Jumatano makusudi, kwa ajili ya soko la wanawake la Ibra, na kwenye ratiba mliyonitumia soko hilo limeandikwa. Nyinyi ni watu wa kazi hii, mnajua kuwa ni la Jumatano asubuhi tu, wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake, na adhuhuri ikikaribia kila mtu ameshakunja vitambaa vyake. Hata kwa kuchelewa kule pengine tungeliwahi la mwisho mwisho. Lakini dereva akapitia kwanza Seeb kupakia katoni za maji na mitungi ya gesi ya kambi, sisi tumekaa ndani ya gari tunamngojea. Tulipofika Ibra mama aliona meza tupu na mwanamke mmoja anafagia. Alikuwa ametoka Unguja na pesa yake maalumu ya kununulia udi na vitambaa vya wajukuu. Akasema, "Basi, si riziki." Mimi sikusema hivyo moyoni mwangu.

Na ile safari ya mchangani. Wakati wa kulipa nilieleza kwa maandishi, ujumbe ninao, kwamba mama ana magoti na mgongo, kwa hiyo tupelekwe moja kwa moja kambini kwa njia nyepesi, tusipandishwe na kuteremshwa kwenye matuta kwa mbio. Mkajibu "hakuna shida." Dereva hakuwa na habari. Alipoingia mchangani alitaka kutuonyesha ufundi wake, na huo ufundi wenyewe hakuwa nao, kwa sababu hakusimama Al Wasil wala Al Mintarib kupunguza upepo wa tairi, jambo ambalo kila anayeingia kwenye michanga ile hulifanya kabla hajaiacha lami. Akapanda tuta la pili na tairi zimejaa upepo kama yuko barabara kuu ya Sur. Gari ikanasa. Kila akikanyaga mafuta inazama, mpaka mchanga ukafika kwenye ngazi ya mlango. Mama alitolewa nje akakalishwa kwenye kivuli cha gari, na kivuli chenyewe hakikuwa na upana wa mkeka.

Waliotuokoa si kampuni yenu. Walikuwa vijana wa Kibedui waliokuwa wakipita na pikapu yao ya majani ya mbuzi. Hawakutujua. Mmoja alichutama akabonyeza vali za tairi kwa kijiti, moja baada ya nyingine, upepo ukawa unatoka kwa mlio, huku mwenzake anafukua mchanga kwa mikono chini ya magurudumu. Wakafunga kamba, wakatuvuta. Mdogo wao akamletea mama maji na tende za kwenye mfuko wa plastiki, akamwita "ummi," yaani mama yangu. Nawashukuru hapa kwa sababu dereva wenu hakuwashukuru.

Sasa narudi kwenye chumba, kwa kuwa nilipopiga simu ofisini kwenu siku ya pili yake niliambiwa kuwa lile lilikuwa "badiliko dogo la malazi." Naomba nikueleze hilo badiliko dogo lilivyokuwa, bwana meneja, ulisome taratibu.

Mama alikuwa ameshasali magharibi chumbani. Msala wake aliuacha umetandikwa, kwa sababu isha haikuwa mbali. Tukatoka kuja kwenye chakula, akakaa kwenye mto, kikombe cha kahawa mkono wa kulia, ufunguo mkono wa kushoto. Ule ufunguo umefungwa kwenye kipande cha mti, mnaujua, ni wenu. Msimamizi akaja kwa nyuma. Hakuinama, hakutoa salamu. Alikishika kile kipande cha mti akakivuta. Mama alishtuka, kahawa ikammwagikia kwenye kanga yake. Akageuka akamwuliza, "Mwanangu, kuna nini?" Yule hakumjibu. Alimwita kijana mwingine akampa ufunguo, akamwambia atoe mizigo ya chumba cha mwisho, wageni wameshafika. Mama akauliza tena, "Sasa sisi tunalala wapi, mwanangu?" Hapo ndipo alipomwambia kuwa watu wa Unguja wamezoea mkeka, na majlisi itatutosha. Kwa sauti, na watu wanasikiliza. Waliokuwa hawajui Kiswahili waliona mkono wake, na uso wa mama.

Mama yangu hajapata kuvutwa kitu mkononi na mtu wa umri wa wajukuu zake. Alinyamaza, akashika pembe ya kanga akawa anapangusa kahawa, anapangusa pasipo na kahawa. Binti yangu akaanza kulia. Mimi nilisimama nikamfuata msimamizi hadi jikoni, nikamwonyesha risiti kwenye simu. Akaniambia wale wageni wameletwa na wakala mkubwa na hawezi kuwaudhi. Kwa hivyo mtu wa kuudhiwa alikuwa mama yangu.

Sanduku letu liliburutwa mchangani likaachwa mlangoni mwa majlisi, halijafungwa vizuri. Msala haukuwamo. Na kubwa zaidi, insulini ya mama haikuwamo. Ilibaki kwenye friji ndogo ya chumba kile, chumba tulichokiongezea riali 25 hasa kwa ajili ya friji hiyo na choo cha ndani, kama nilivyokuelezeni kabla ya kulipa. Nilipokwenda kugonga mlango nilizuiliwa na kijana wenu, ati nisiwasumbue wageni. Nikamwambia ni dawa. Akasema nisubiri mpaka msimamizi arudi. Mama ana sukari, wakati wake wa sindano umefika na chakula kishapita tumboni, na dawa yake iko nyuma ya mlango ambao mimi nimeulipia. Ilitoka baada ya isha, na aliyeileta ni bibi mmoja miongoni mwa wale wageni wenyewe, baada ya kuniona nimesimama nje. Aliomba radhi yeye, asiye na kosa. Wa kwenu hadi leo hajaomba.

Usiku wenyewe niufupishe. Majlisi iko wazi upande mmoja, na baridi ya Januari jangwani mnaijua. Tulipewa blanketi mbili kwa watu watatu. Jenereta ikazimwa, choo cha pamoja kiko juu ya mteremko wa mchanga, na mtu mwenye magoti mabovu hapandi mchanga gizani. Nilimkokota mama mara moja kwa tochi ya simu. Baada ya hapo akakataa kunywa maji usiku kucha ili asinisumbue tena. Mwenye sukari, anajinyima maji, kwenye kambi aliyoilipia mwanawe.

Asubuhi dereva akatuuliza kama tunakwenda Wadi Bani Khalid, lile bonde lenye mabwawa ya maji, kama ilivyo kwenye ratiba. Mama hakuwa na nguvu za kukaa, sembuse kutembea kwenye yale mawe hadi kwenye mabwawa hayo. Tukarudi Maskati. Ofisi yenu ikaniambia kuwa sehemu hiyo hairudishiwi pesa kwa sababu "mteja alikataa mwenyewe." Naomba hilo lisirudiwe mbele yangu.

Mnapaswa pia kujua mliyemfanyia hayo ni nani. Babu yangu mzaa mama alitoka Sharqiya, huko huko ziliko Ibra na Bidiya, akiwa kijana, akaishi na kuzikwa Pemba. Mama amekua akisikia Ibra na Bidiya kutoka mdomoni mwa baba yake, na hii ndiyo mara yake ya kwanza kuikanyaga ardhi hiyo. Nilimleta mimi. Akaambiwa na mtu anayezungumza lugha yake kwamba chumba si saizi yake. Tangu tumerudi anaulizwa na ndugu zake kwa simu, "Umeionaje Bidiya?" naye hujibu, "Alhamdulillahi, mchanga mwingi," kisha hubadilisha mazungumzo. Hataki kuwasimulia.

Nilipopiga simu ile siku ya pili nilikuwa nimekusudia kudai riali 25 za chumba na maneno ya kuomba radhi, basi. Mngemaliza pale pale. Badala yake mmenitumia kuponi ya punguzo la asilimia kumi kwa safari nyingine ya kambi hiyo hiyo. Nimeisoma ile kuponi zaidi ya mara moja nikitafuta ndani yake neno "samahani." Halimo.

Kwa hiyo madai yangu sasa ni haya, na hayapungui. Nataka nirudishiwe riali 180 zote nilizolipa, za watu watatu, kwa sababu soko sikuliona, njia nyepesi sikupewa, chumba nilinyang'anywa na wadi sikufika. Sijui ni kipi kilichobaki mnachonidai. Nataka msimamizi wa kambi ampigie mama simu mwenyewe, kwa Kiswahili kile kile alichotumia, amwombe radhi, na meneja awepo kwenye simu hiyo. Na nataka kwa maandishi, yenye muhuri wa kampuni, kwamba chumba kilicholipiwa hakitolewi kwa mwingine bila ya idhini ya aliyelipa, na kwamba mgonjwa hazuiliwi dawa yake. Hili la mwisho naliona aibu kulidai, lakini inaonekana kwenu halijaandikwa popote.

Nakupeni siku saba tangu kupokea barua hii. Nilikuwa nimeandika kumi na nne, nikafuta, kwa kuwa tangu safari ile mmekwisha kuwa na muda wa kutosha wa kunitumia kuponi na matangazo ya safari za mwezi wa Februari.

Zikipita siku saba, nakala ya barua hii pamoja na risiti, ratiba na ujumbe wote wa simu itakwenda Wizara ya Turathi na Utalii, inayotoa leseni za kambi, na kwa Mamlaka ya Kumlinda Mtumiaji. Sitapiga simu tena kuuliza. Hapo sitadai riali 180 tu, nitadai na gharama za daktari aliyempima mama tuliporudi, kwa sababu sukari yake ilikuwa imepanda na ninayo karatasi ya kipimo.

Na jambo moja zaidi, kwa heshima zote. Wateja wenu wengi ni sisi, Waswahili wa Maskati na jamaa zetu wanaokuja kututembelea kutoka Unguja, Pemba, Mombasa na Dar es Salaam. Tunajuana. Tunakutana kwenye maharusi, kwenye hitima, na makundi ya simu yamejaa watu wanaouliza kila wiki, "Nani anijulishe kampuni nzuri ya kuwapeleka wazee wangu jangwani?" Mpaka leo nikiulizwa nimenyamaza, kwa kukupeni nafasi. Siku ya nane nitajibu, na nitaeleza habari ya ufunguo kama nilivyoieleza hapa.

Simu ya kumwomba mama radhi ipigwe baada ya alasiri. Asubuhi huwa amelala, kwa sababu usingizi wake wa usiku bado haujakaa sawa. Pesa zirudishwe kwenye akaunti ile ile niliyolipia.

Wasalaam,

Mteja wenu.
(Jina na namba ya simu mnavyo kwenye risiti.)

Viambatisho: risiti, ratiba ya safari, nakala za ujumbe wa simu, karatasi ya kipimo cha sukari.