Mungu tusiyemjua ndiye tunayeuziwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nichangie mjadala wa namna ya kuwakinga wananchi dhidi ya wahubiri wapotoshaji. Mengi yamekwisha kusemwa kuhusu usajili wa makanisa, vyeti vya wachungaji, hesabu za sadaka na kelele za vipaza sauti, na mengi kati ya hayo nayaunga mkono. Hata hivyo, karibu maneno yote yanamhusu mhubiri, huku muumini akitajwa tu kama mtu wa kuhurumiwa. Mimi nataka tujiulize kuhusu huyo muumini: kabla hajakabidhi fedha zake, afya yake na hatimaye uhai wake, alikuwa akimfahamu Mungu wa namna gani, na ni nani aliyemfundisha kumfahamu hivyo?

Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, watoto wakiwamo, na wengi wao walikuwa wameaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ndiyo njia ya kwenda kukutana na Yesu. Miaka mitatu kabla ya hapo, tarehe 1 Februari 2020, hapa Moshi kwetu watu 20 walipoteza maisha kwa kukanyagana walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Matukio hayo mawili hayafanani kwa uzito wala kwa nia, na suala la nani awajibike ni la vyombo vya sheria. Ninachokiona kinafanana ni hali ya moyo wa muumini. Mzazi anayemnyima mwanawe uji kwa jina la Mungu amekwisha kuamini kwamba yuko Mungu anayefurahia njaa ya mtoto. Anayekimbilia tone la mafuta akihofia kuachwa nyuma amekwisha kuamini kwamba baraka za Mungu ni chache, zinaisha, na wanaozipata ni wenye mbio. Siwahukumu marehemu hao, kwa maana wengi wao walikuwa na bidii ya imani kuliko sisi tuliobaki kuwajadili. Uchungu wangu ni kwamba bidii kubwa namna ile ilielekezwa kwa Mungu ambaye hawakuwahi kufahamishwa tabia yake.

Na tabia yake haikufichwa. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 34, Musa yuko mlimani baada ya wana wa Israeli kuiabudu ndama ya dhahabu. Watu wamekosa kosa kubwa kuliko yote waliyowahi kukosa, mbao za kwanza za amri zimevunjika, na mtu yeyote angetarajia kwamba Mungu akipita safari hii atajitambulisha kwa radi na moto. Badala yake anajitangaza mwenyewe kuwa ni "Mungu mwingi wa huruma, mwenye fadhili, si mwepesi wa hasira, mwingi wa rehema na kweli". Ni kweli kwamba maneno yanayofuata yanasema hamwachilii mwenye hatia, na asitokee mtu wa kuyafuta, kwani huruma isiyojali haki ingemwacha mnyonge mikononi mwa mdhalimu. Lakini huruma ndiyo iliyotangulia, tena ilitangazwa siku ambayo watu hawakuwa na lolote la kujitetea. Maneno hayo yanarudiwa katika Zaburi, katika Nehemia na katika Yoeli. Nabii Yona naye anayasema akiwa amenuna, kwa kuwa ameona mji wa Ninawi umesamehewa: nalijua, asema, ya kuwa wewe u Mungu wa namna hiyo. Yona alikuwa na mafundisho yote sahihi kichwani, ila hakutaka kufanana na Mungu aliyemfahamu vizuri kiasi hicho. Jirani zetu Waislamu nao hawaanzi sura za Kurani, isipokuwa moja tu, bila kumtaja Mungu kwa rehema yake, na naona ni jambo la kutafakari kwamba katika nchi ambayo rehema ya Mungu inatamkwa misikitini na makanisani kila uchao, bado tunaishi kama watu wanaomwogopa kwa namna anavyoogopwa mkopeshaji.

Sisi waumini wa kawaida nasi tunashiriki kuichora picha hiyo, hasa misibani. Mtoto wa miaka minne akifa kwa malaria, tunamkalia mama yake pale mkekani na kumwambia kwamba Mungu amempenda zaidi, kwamba kazi ya Mungu haina makosa, asilie sana asije akamkufuru. Nia yetu ni kufariji. Lakini mama yule anasikia kwamba aliyemchukua mwanawe ni Mungu, na kwamba kumlilia ni dhambi. Akitoka hapo na kukutana na mtu anayemwambia kwamba Mungu huyo huyo anaweza kutulizwa kwa sadaka maalumu ili asichukue na wa pili, kwa nini asitoe? Sisi ndio tuliomtayarisha. Yesu alipofika msibani kwa Lazaro hakuwahubiria Martha na Mariamu kwamba Mungu amempenda zaidi ndugu yao. Alilia machozi, watu wakamwona, na ninaamini kwamba kilio kile ni fundisho kamili juu ya moyo wa Mungu kama yalivyo mahubiri yake ya mlimani.

Kumfahamu Mungu kwa sifa zake, hata hivyo, hakutoshi, kama Yona anavyotuonyesha. Yatakiwa mtu azungumze naye. Mfano ninaourudia kila ninapopewa nafasi ya kufundisha ni wa Hana, katika sura ya kwanza ya kitabu cha Samweli wa Kwanza. Amekwenda Shilo na familia yake, mke mwenza anamchokoza kwa sababu hana mtoto, mume anampenda lakini haelewi, na kuhani Eli ameketi kitini penye mwimo wa mlango wa hekalu. Hana hamwendei kuhani. Anasimama peke yake, midomo inacheza, sauti haitoki, na Eli, mwenye wadhifa na uzoefu, anamtazama kinywa chake na kuamua kwamba mwanamke huyu amelewa. Mtu wa Mungu alikosea. Mungu alikuwa anasikia. Hana anajibu kwa adabu kwamba hakunywa divai, bali amemimina roho yake mbele za Bwana.

Wapo watakaosema kwamba Hana naye aliweka nadhiri, kwa hiyo alifanya biashara na Mungu. Aliweka nadhiri, ndiyo. Lakini tazama kilichotokea baada ya sala: alikwenda zake, akala chakula, wala uso wake haukukunjamana tena. Wakati huo mimba haikuwa imeingia, mke mwenza alikuwa bado yuko pale pale, na hakuna aliyekuwa amemtabiria mwezi wala mwaka. Eli alimtakia heri tu. Kilichombadilisha ni kwamba alikuwa amesema yote yaliyokuwa moyoni mwake mbele za Mungu anayemwamini, na hiyo ndiyo ninayoiita kuwa na uhusiano naye. Mwenye biashara asingeweza kula siku ile. Angesubiri mzigo ufike kwanza.

Katika jumuiya yetu, ambayo husali nyumbani kwa wanajumuiya kwa zamu, mama mmoja aliwahi kuuliza swali ambalo lilitunyamazisha sote. Pembeni ya kitanda chake alikuwa na chupa ya maji ya upako yenye lebo, na Biblia yake ilikuwa juu ya kabati, imeviringishwa katika kitambaa cha kufumwa kwa heshima, haifunguliwi. Alisema maji yale aliambiwa namna ya kuyatumia, asubuhi na jioni, lakini Biblia hakuna aliyewahi kumwambia aanzie wapi. Baadhi yetu tulikuwa wazee wa kanisa kwa miaka mingi. Tulianza naye Injili ya Marko, aya chache kila mara, na kila tulipomaliza kusoma tuliulizana mambo ya wazi kabisa: hapa Yesu amemhurumia nani, amemkemea nani, na hilo linatuonyesha Mungu yukoje? Baada ya muda mama yule ndiye aliyekuwa akituuliza sisi. Alipofika kwa mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12, aliyekwisha kutumia mali yake yote kwa waganga wengi asipate nafuu mpaka alipoponywa na Yesu, aliinua macho akasema, "Huyu hakudaiwa hata senti." Sijasikia mahubiri yaliyonigusa kuliko hayo.

Najua wachungaji wengine watahofu, na hofu yao ina msingi, kwamba kila mtu akijisomea na kujiombea tutapata manabii wa uongo wengi zaidi, si wachache. Jibu naliona katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, ambamo watu wawili wamewekwa karibu karibu. Wa kwanza ni Simoni wa Samaria, aliyeleta fedha kwa mitume ili auziwe uwezo wa kuwapa watu Roho, na Petro akamwambia fedha yake ipotelee mbali pamoja naye. Wa pili ni towashi Mkushi, mtunza hazina wa malkia wa nchi yake, anayesoma Isaya garini bila kuelewa na kukiri kwamba anahitaji wa kumwongoza. Mhubiri Filipo anapanda garini, anamweleza, anambatiza, kisha anaondolewa asionekane tena, na towashi anaendelea na safari yake akishangilia. Mwalimu wa kweli anahitajika sana. Lakini kazi yake ikikamilika, mwanafunzi anaweza kusafiri bila yeye. Mtumishi anayehakikisha kwamba waumini hawawezi kuomba, kuamua wala kuoa bila ruhusa ya kinywa chake, hata kama hadai senti, hajawapeleka kwa Mungu bali amewaweka kwake.

Ukanda wetu huu una ushahidi wa jambo hili. Uamsho wa Kikristo ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika kupitia Bukoba, ulibebwa kwa sehemu kubwa na watu wasio na daraja la uchungaji, waliokutana kusoma, kuungama na kuombeana. Majirani waliwatambua kwa mambo ya wazi: walirudisha vitu walivyoiba, wakalipa madeni ya zamani na kuwaomba radhi wake zao na wenzao mbele za watu. Aliyemkaribia Mungu mwenye haki na huruma alijikuta akidaiwa haki na huruma nyumbani kwake, na hiki ni kipimo ambacho mahubiri mengi ya siku hizi ya mafanikio hayakigusi kabisa.

Ombi langu kwa wachungaji, mapadre na wainjilisti wanaosoma gazeti hili linahusu darasa la kipaimara na vipindi vya dini shuleni. Watoto wetu wanakariri Amri Kumi, Imani na Sala ya Bwana, na hilo liendelee. Waongezewe sura ya 34 ya Kutoka kuanzia aya ya 5 hadi ya 7, na kila mmoja, kabla hajasimama mbele ya madhabahu kuthibitishwa, aombe angalau mara moja kwa sauti na kwa maneno yake mwenyewe, likiwamo lile linalomsumbua, huku mwalimu wake amekaa kimya akisikiliza.

Mzee wa kanisa,
Moshi, Kilimanjaro