Asha, usiache kuchora sura

Shoga yangu Asha,

Za siku, mama hajambo? Meseji yako niliisoma usiku nikakosa usingizi, hayo maneno kwamba uache kuchora sura za watu ushike akiolojia (kuchimba na kusoma vitu vya kale) peke yake yameniuma kwakweli, ndo mana nakuandikia habari za Miguel Covarrubias, mchoraji wa Mexico.

Kazaliwa Mexico City 1904, 1923 akatua New York hata miaka 20 hajafikisha, watu wakimwita Chamaco yaani dogo, na haikupita muda katuni zake za watu maarufu zikawa zinatoka kwenye magazeti ya Vanity Fair na New Yorker. Hakuishia hapo. 1925 ile shoo ya Paris iliyomtoa mcheza dansi Josephine Baker, mapambo ya jukwaa kachora yeye. 1930 akaoa mcheza dansi, Rosa Rolanda, fungate wakaenda Bali, kisiwa kikamkaa rohoni mpaka 1937 akakitolea kitabu kizima, michoro yake, picha za kamera za Rosa.

Ila kilichonikumbusha wewe ni Waolmeki, watu wa kale wa Mexico waliochonga sura za mawe. Wataalamu wengi wakati ule waliona Wamaya, watu wengine wa kale wa huko, ndo wa kwanza, Waolmeki wamekuja nyuma. Yeye akawa anatazama midomo, yaani midomo shoga! Ule mdomo wa Kiolmeki pembe zimeshuka chini kama chui anayenguruma, akauona tena kwa mungu wa mvua wa Wamaya, Chaac, kwa Tlaloc, mungu wa mvua wa Waazteki, kwa Cosijo, wa Wazapoteki, akazipanga sura zote kama mti wa ukoo na kwenye shina akauweka uso wa Kiolmeki. 1942 kwenye mkutano wa wataalamu kule Tuxtla Gutiérrez, Mexico, yeye na mwanaakiolojia Alfonso Caso wakasema Waolmeki ndo mama wa hao wengine, wakabishiwa sana, baadaye vipimo vya kaboni, vya kujua umri wa vitu, toka La Venta, mji wa kale wa Waolmeki, vikaonyesha kweli Waolmeki ni wa zamani hivyo. Sasa hilo jicho kalitoa wapi kama sio kwenye katuni, miaka yote anatafuta usoni kwa mtu kile kitu kimoja kinachomfanya awe yeye, pua, kidevu, akaja kulisoma jiwe vilevile.

Kafa 1957 ana miaka 52 tu.

Yule babu muuza kahawa uliyemchora mwaka jana bado yuko ukutani kwangu, kila mgeni anamuulizia. Nitumie mwingine basi, hata wa penseli.

Wako,
Mwana