Samadi haimalizi sumu ya shambani

Ndugu Mhariri,

Nimeisikia kauli hii redioni, kisha nikaisikia tena kwenye semina ya wakulima: weka samadi, udongo wenyewe utamaliza sumu za viuatilifu, yaani dawa za kuua magugu na wadudu. Samadi sina ugomvi nayo. Nina ng'ombe wawili na hakuna koleo la zizi linalopotea kwangu. Lakini kauli hiyo ni nusu ya habari, na nusu iliyobaki nimeilipia kwa maharage.

Nalima Inyala, hapa Mbeya. Jirani zetu wa Igurusi wana mashine za kukoboa mpunga, na mapumba yake huchomwa yakabaki makaa meusi. Msimu wa juzi nilinunua tripu mbili za makaa hayo, nikayachanganya na samadi, nikayamwaga kwenye nusu ya ekari yangu ya mahindi. Nusu ya pili ikabaki hivyo hivyo kwa kuwa hela ya gari ilikata. Nilipopanda nikapulizia shamba zima dawa ya magugu yenye atrazini, bomba lile lile, kipimo kile kile. Wiki ya nne ungedhani ni mashamba ya watu wawili. Upande mtupu ulikuwa msafi. Upande mweusi mahindi yalikolea kijani, na kishonanguo nacho kilikuwa kimenawiri si haba.

Dukani kwa muuza pembejeo kijana akaniambia, "Mzee, magugu ya siku hizi ni sugu. Ongeza mfuniko mmoja." Msimu uliofuata nikaongeza, tena shamba zima. Mwezi wa tatu nikachomeka maharage katikati ya mahindi kama tulivyozoea. Upande mweusi yakaota vizuri. Upande mtupu majani ya chini yalianza njano pembezoni, ikaingia ndani taratibu, kisha kingo zikakauka kama zilizobabuliwa na moto. Sikuvuna hata mbegu niliyopanda.

Magugu hayakuwa sugu. Mtu akimeza sumu, hospitali wanaweza kumpa unga wa makaa ili uishike sumu tumboni kabla haijaingia mwilini. Makaa ya mapumba yana matundu madogo yasiyohesabika, na hufanya kazi ile ile ardhini. Dawa ile huua gugu kwa kunywewa na mizizi pamoja na maji ya udongo. Ikinaswa kwenye makaa, gugu halinywi kitu. Mboji nayo hunasa, ila kwa kawaida si kwa nguvu hiyo. Kwa hiyo ule mfuniko wa ziada ulimezwa upande mweusi, na upande mtupu ukabaki unasubiri maharage yangu.

Kushikwa kwa sumu hakuna maana kwamba imekwisha. Ikishikwa haikimbilii kisimani, hilo ni jema. Lakini vijidudu vya udongoni vinavyoila navyo haviifikii kirahisi, basi inaweza kukaa zaidi. Wakati huo huo samadi huvilisha vijidudu hivyo vikazaana, na dawa nyingine huliwa upesi kuliko zamani. Upi utashinda? Inategemea dawa, udongo na namna samadi ilivyooza. Glifosati, dawa nyingine ya magugu, kwa mfano, hung'ang'ania mfinyanzi na madini ya chuma, sehemu zile zile zinazogombewa na fosfati, kirutubisho kilichomo kwenye mbolea. Ukimwaga samadi ya kuku yenye fosfati nyingi, unaweza kuipunguzia mahali pa kukaa. Na samadi mbichi ikitandazwa juu ya mteremko mvua ikaja, yale maji ya rangi ya chai yanayoshuka mtoni hubeba samadi pamoja na dawa iliyojishikiza humo.

Anayetaka kujua kushikwa kunavyotofautiana na kwisha aangalie Martinique na Guadeloupe, visiwa vya Karibi vilivyo chini ya Ufaransa. Huko migomba iliwekewa shinani klorodekoni, dawa ya kuua wadudu, dhidi ya fukusi. Ufaransa iliipiga marufuku mwaka 1990, lakini visiwa hivyo vikaruhusiwa kuendelea nayo hadi 1993. Mpaka leo imo udongoni, na vipimo vimeikuta katika damu ya zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima. Watafiti wamejaribu kuongeza mboji kwenye udongo wa volkano wa Martinique, wakaona sumu inayoingia kwenye mazao imepungua. Ni msaada mkubwa kwa mlaji. Ila sumu yenyewe bado iko pale pale chini ya mboji. Nawaza hilo nikikumbuka kuwa Rungwe nako ni udongo wa volkano na migomba.

Sasa ombi langu kwa maafisa ugani na kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Marekani, lebo za dawa ya magugu kama metolaklori humpa mkulima kipimo kwa kuangalia aina ya udongo na kiasi cha mboji iliyomo, chini ya asilimia 3 au zaidi. Chupa ninazonunua mimi zina kipimo kimoja, awe ni mwenye mchanga au mwenye mfinyanzi uliojaa samadi. Andikeni basi, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka bila miwani, kwamba aliyeweka makaa au samadi nyingi asitegemee dawa ya kupulizia udongo, na asiongeze kipimo. Mtaalamu wa samadi na mtaalamu wa dawa waje siku moja kwenye semina moja, maana shamba ni moja.

Mimi msimu huu upande mweusi nimepalilia kwa jembe, watu wanne, siku mbili. Upande mtupu nimerudisha kipimo cha kwenye lebo, na maharage nimeyahamishia kule kweusi.

Mkulima,
Inyala, Mbeya