Majalada ya kale ya mirathi yasiachiwe mchwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo wengi wetu hapa Tabora, na jirani zetu wa Ujiji, tunalikwepa kwa aibu, nalo ni majalada ya kesi za mirathi za babu zetu. Tumezoea kuyaona kuwa ni kumbukumbu za fitina, kwamba ukoo uliopelekana barazani kwa ajili ya nyumba ya udongo na miembe sita ulijivunjia heshima, na kwamba heri karatasi zake zioze. Mimi naona kinyume. Anayetafuta historia ya familia yake ni nadra kupata mahali pengine palipoandikwa majina ya ndugu zake kwa ukamilifu kama katika shauri la mirathi, na sababu ni ugomvi wenyewe: pale watu walipoelewana, walisoma arobaini, wakala ubwabwa, wakagawana na kuondoka, na hakuna aliyeandika neno.

Nilianza kuamini hivyo nilipokuwa nikikusanya nasaba ya upande wa baba. Wazee walinitajia wanaume saba mfululizo, fulani bin fulani, hadi kumfikia aliyekuja na msafara kutoka Bagamoyo. Nilipouliza mama zao ni akina nani, kikao kikanyamaza. Jina la bibi yake baba nililipata baadaye katika nakala ya hukumu ambayo shangazi alikuwa ameifunga ndani ya kanga chini ya sanduku, pamoja na stakabadhi za kodi ya kichwa. Hukumu ilitolewa enzi za Mwingereza, ilihusu nyumba moja ya Gongoni, na ilimtaja yeye, dada zake wawili ambao hakuna aliyekuwa akiwajua, na mume wake wa kwanza ambaye, nadhani, familia ilikusudia asijulikane.

Nasaba tunazosimuliana zinaweza kumruka mwanamke, lakini karani wa mirathi hakuweza, kwa kuwa katika sheria ya Kiislamu mjane, binti, mama na dada wana mafungu yao, na fungu haligawiwi asiyetajwa. Hata pale jalada lilipochanika, hesabu husema. Chukua mfano wa kubuni: mwanamume amefariki, wazazi wake walikwisha kutangulia, ameacha wake na watoto wa kike na wa kiume, na mali yake baada ya madeni ni shilingi 720. Kipande cha karatasi kilichosalia kinasema tu kwamba kila mjane alipata shilingi 45 na kila binti shilingi 90. Thumuni ya wajane, yaani sehemu moja ya nane ya mali, ni shilingi 90, hivyo wajane walikuwa wawili; zinabaki 630, ambazo ni mafungu saba ya 90, na kwa kuwa mwana wa kiume huchukua mawili na binti moja, watoto walikuwa wavulana watatu na binti mmoja, au wavulana wawili na mabinti watatu, au mvulana mmoja na mabinti watano. Kama wazee wenu wanakumbuka wavulana wawili, basi kuna mabinti watatu wa kutafutwa.

Kwa familia zilizofuata mila ya Kinyamwezi, swali lilikuwa jingine. Mtoto ambaye mahari ya mama yake haikutolewa alihesabiwa kuwa wa ukoo wa mama, kwa hiyo shauri la urithi liligeuka mara nyingi kuwa shauri la mahari: zilitolewa ng'ombe ngapi, nani alizipeleka, kijiji gani, mbele ya nani. Mashahidi wa jambo hilo walikuwa wajomba na wakwe, watu ambao leo hatujui hata walitoka wapi. Tena mila ilikuwa bado haijaandikwa kuwa sheria moja kwa wilaya nyingi, kama ilivyofanyika 1963, na baraza lililazimika kuwauliza wazee mila yenyewe inasemaje. Majibu yao yakiwemo jaladani, msomaji anapata ukoo na desturi yake kwa pamoja.

Liko la tatu, nalo linauma. Mji wetu na Ujiji ni miji ya misafara, na wengi wetu tuna damu ya watu walioletwa kwa nguvu. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, lakini walioachwa huru waliendelea kuishi, kujenga na kufa miaka mingi baada ya hapo. Kwa sheria ya Kiislamu ya walaa, yaani uhusiano wa mtumwa aliyeachwa huru na bwana wake, aliyeachwa huru akifa bila jamaa wa damu wa kuchukua baki ya mali yake, bwana aliyemwacha huru au jamaa zake wa kiume wana haki ya kuidai. Dai la namna hiyo likipingwa, mpingaji alipaswa kueleza yeye ni nani kwa marehemu: mtoto, ndugu wa tumbo moja, au msafiri mwenzake tu aliyefungwa mnyororo mmoja naye kutoka Manyema. Sijui ushahidi mwingine wa maandishi ambao ungemwezesha mjukuu wa mtu kama huyo kuvuka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika katika kutafuta asili yake. Wanaotaka jambo hili lisiguswe nawaelewa, ila aibu si ya aliyeuzwa.

Kusoma karatasi hizi kunahitaji uvumilivu. Zisipokuwa na tarehe, angalia fedha: rupia na pesa ni kabla ya 1904, rupia na heller ni baada ya hapo, na shilingi na senti zilianza 1921. Za enzi za Mjerumani zina tahajia yake, ambapo Juma ni Djuma, Yusuf ni Jusuf, na Ujiji yenyewe ni Udjidji, hivyo anayetafuta jina kwa herufi za leo atapita juu yake bila kuliona. Zilizoandikwa na makadhi au maliwali huenda zikawa kwa hati za Kiarabu na kwa mwaka wa Hijria. Umri wa mashahidi usiuamini sana, ila ushike matukio wanayoyataja: kifo cha Mtemi Isike wa Unyanyembe ni 1893, kufika kwa reli Tabora ni 1912, kuingia kwa Wabelgiji mjini ni Septemba 1916. Kwa Kigoma na Ujiji, Wabelgiji walikaa hadi 1921, kwa hiyo karatasi za miaka hiyo zitafutwe pia miongoni mwa za Kifaransa.

Na wengi hukosea mahali pa kutafuta. Chini ya sheria ya mahakama za wenyeji ya 1929, rufaa hazikwenda Mahakama Kuu bali kwa Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni, kisha kwa mkuu wa jimbo, na makao makuu ya Jimbo la Magharibi yalikuwa hapa hapa Tabora. Shauri la mirathi la Ujiji la mwaka 1935 lililokatiwa rufaa linaweza basi kuwa ndani ya majalada ya utawala, kati ya barua za barabara na ndorobo, na si katika masjala ya mahakama yoyote. Anayeambiwa mahakamani kwamba hakuna kitu asikate tamaa. Aulize pia Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambako, kwa sheria ya mwaka 2002, nyaraka za umma zilizotimiza miaka 30 kwa kawaida huwa wazi kwa wasomaji.

Lakini nyaraka isiyofika huko haisomwi. Katika ofisi moja niliyokwenda, ambayo siitaji, karani kijana, tena mwenye adabu, alinionesha chumba cha nyuma chenye marundo yaliyofungwa kwa katani, mchwa wakiwa wamejenga kichuguu toka sakafuni hadi rundo la tatu. “Mwalimu,” aliniambia, “hayo ya zamani hayana mwenyewe.” Sikumlaumu. Hakuna aliyewahi kufika kuyaulizia, na nafasi anaihitaji kwa majalada ya wiki hii.

Ombi langu kwa Mahakama na kwa Idara ya Kumbukumbu ni kwamba majalada ya mirathi ya kabla ya 1963, popote yalipo katika mikoa ya Tabora na Kigoma, yaorodheshwe kabla ya zoezi lolote la kufyeka makaratasi, na yasiteketezwe kwa hoja kwamba mashauri yake yalikwisha. Na wasomaji nao wawe na kiasi. Jalada la kesi limejaa maneno ya watu waliotaka kushinda. Mdaiwa akisema kuwa mdai hakuzaliwa na marehemu bali alilelewa tu, hiyo ni hoja ya barazani, na mtu asiikimbize msibani au kwenye kundi la simu la ukoo kabla ya kusoma ushahidi wa upande wa pili na hukumu. Neno “ndugu” katika karatasi hizo laweza kuwa binamu, na “baba” akawa baba mdogo.

Hapa Tabora tupo wastaafu kadhaa tunaosoma Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Tukiruhusiwa meza moja na dirisha lenye mwanga, tuko tayari kusaidia kuorodhesha bila malipo, asubuhi za Jumanne na Alhamisi.

Mwalimu mstaafu,
Ng'ambo, Tabora