Daktari Kasema Fikra Huchochea, Nyumbani Wamesikia Ni Maradhi ya Fikra

Mheshimiwa Mshauri,

Assalaam alaikum. Mimi ni mama wa watoto wanne, umri wangu miaka 44, naishi karibu na Wete, na riziki yangu ni kushona kofia za viua. Tangu 2022 nina baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili hugeuka ikashambulia utando wa ndani wa viungo. Natumia methotrexate, vidonge vinavyomezwa mara moja tu kwa wiki, na kwa miezi mingi, alhamdulillahi, nilikuwa naamka na kujifunga kanga mwenyewe bila ya kumwita mtoto.

Mambo yaliharibika baada ya baba yangu kufariki na kaka zangu kusitasita kunitolea fungu langu la shamba la mikarafuu. Shauri liko kwa kadhi. Kwa kutia alama kwenye kalenda ya jikoni nimegundua kwamba kila siku ya kuitwa inapokaribia usingizi hunipotea, na baada ya siku mbili tatu vifundo vya vidole huvimba na kuwa vya moto, na kule kukakamaa kwa asubuhi, ambako kulikuwa kumeshapungua hadi dakika kumi, hunishika mpaka jua limepanda. Mara ya mwisho nilikaa juu ya mbuzi na kizio cha nazi mkononi, nisiweze kukikuna, nikalia kwa hasira zaidi kuliko maumivu, maana nazi ile ilikuwa ya futari na wageni walishafika.

Nilimweleza daktari, naye akanifahamisha bila ya haraka. Alisema dhiki ya moyo peke yake haitoshi kuwa ndiyo chanzo cha maradhi haya, lakini inaweza kuyaamsha yaliyokuwa yametulia. Kwamba mwili una homoni iitwayo kotisoli ambayo kwa kawaida hutuliza uvimbe, lakini wasiwasi ukidumu muda mrefu mwili huwa kama umeizoea sauti yake. Na kwamba asiyelala huyahisi maumivu yale yale kwa ukali zaidi, kisha maumivu nayo yakamnyima usingizi.

Kosa langu ni kuyafikisha maneno hayo nyumbani kama nilivyoyapokea. Wifi yangu alisikia neno moja tu. "Kumbe ni fikra zako, basi vidonge vya nini?" Mama mkwe, ambaye namheshimu sana, sasa kila nikiugua ananihimiza nisubiri na niache kujitia unyonge. Mume wangu si mtu mbaya, lakini ameanza kuuliza kwa nini tutoe nauli ya kwenda kupima damu na ini kwa ajili ya dawa ambayo, kwa fahamu yake, ningeweza kuiacha kama ningetuliza moyo. Zamani walikuwa wakisema nimepatwa na kijicho. Sikuwa nikiamini, lakini nakiri kwamba kijicho kilikuwa na nafuu yake: hakuna aliyemlaumu mgonjwa.

Sasa najikuta naficha. Nikiumwa nasema nimechoka, na kofia niliyoagizwa tangu mfungo sita imelala kwenye mkoba, sindano ikiwa imechomekwa pale pale nilipoishia.

Naomba unishauri katika mambo mawili. La kwanza, nimfahamishe vipi mume wangu kwamba uvimbe anaouona kwa macho ni uvimbe wa kweli hata kama uliamshwa na huzuni, na je, nikimwomba tufuatane kwa daktari hataona kwamba nimemshitaki kwa mtu wa nje? La pili ni zito zaidi kwangu. Kaka yangu mkubwa amenitumia ujumbe kwamba, kwa kuwa shauri linanidhuru, ni heri niliache. Huenda viungo vyangu vingepumzika, lakini fungu lile ni haki yangu kisheria, na nachelea kwamba nikiliacha nitabaki na kinyongo kitakachoninyima usingizi kuliko hiyo siku ya kuitwa. Ungekuwa wewe, ungeendelea nalo, au ungemtafuta mtu akusimamie huko ili usilazimike kuhudhuria kila mara?

Wako mtiifu,
Mshona kofia, Pemba