Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi: Kinachobaki na Kinachopita

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu na kuacha shughuli zako ili uwe nasi leo.

Maonyesho ya mwaka huu tumeyapa mada moja tu, nayo ni uchujaji. Wapo waliotushangaa. Walitarajia roboti, wakakuta faneli, mchanga na karatasi. Lakini katika meza zote utakazopitia, ya kemia, ya mwili na ya maji, tumeuliza swali lile lile: nini kinabaki juu ya chujio na nini kinapita? Tumeona kwamba watu huukodolea macho uchafu uliobaki, wakafurahi, na yale yaliyopita hakuna anayeyauliza.

Tuanze na meza ya kemia. Karatasi ya duara hukunjwa mara mbili ikawa robo, kisha hufunguliwa tabaka tatu upande mmoja na moja upande wa pili, likapatikana umbo la pia. Huloweshwa kidogo kwa maji safi ili ishike kwenye faneli. Mchanganyiko humiminwa polepole kupitia kijiti cha kioo kilichoegemezwa upande wenye tabaka tatu, maana upande wa tabaka moja hutoboka upesi. Na maji yasivuke ukingo wa karatasi. Yakivuka, mchanga unapita pembeni na kazi inaanza upya. Sisi tumechuja mchanganyiko wa maji, mchanga na chumvi. Mchanga umebaki wote. Maji yaliyodondoka chini ni maangavu kabisa, lakini yachemshe hadi yakauke uone: chumvi yote iko pale kwenye kibakuli. Karatasi haina kosa lolote. Chembe za chumvi iliyoyeyuka ni ndogo mno kwa vitundu vyake.

Mheshimiwa mgeni rasmi, meza ya pili inahusu chujio ambalo kila mmoja wetu amekuja nalo hapa, yaani figo. Kila figo ina nefroni, yaani vichujio vidogo sana, zinazokaribia milioni 1, na kila nefroni huanza na kifundo cha mishipa myembamba ya damu kiitwacho glomeruli. Msukumo wa damu ndio unaosukuma maji yapite kwenye kuta za mishipa hiyo. Kwa mtu mzima mwenye afya huchujwa takriban lita 180 kwa siku, ilhali utegili wote wa damu mwilini, yaani sehemu yake ya majimaji, ni kama lita 3. Maana yake utegili ule ule huchujwa karibu mara 60 kati ya asubuhi moja na nyingine.

Tulipojifunza hili, wengi wetu tulidhani figo huchagua uchafu na kuutoa. Sivyo. Glomeruli huzuia chembe za damu na protini kubwa, basi. Vitu vidogo vyote hupita pamoja: maji, sukari, chumvi, na yurea ambayo ni taka ya mwili. Kazi ya kuchagua hufanyika mbele, kwenye mirija ya nefroni, ambako maji karibu yote na sukari yote hurudishwa kwenye damu, ikabaki lita moja au mbili za mkojo. Ndiyo sababu daktari akitaka kujua hali ya chujio hili hupima kilichopita. Protini ikionekana kwenye mkojo mara kwa mara, huenda ukuta wa glomeruli umeanza kulegea.

Meza ya tatu, ya maji, ndiyo iliyotuchukulia muda mwingi, na tunakuomba radhi tukikaa hapo kidogo.

Mwaka 1829 mhandisi James Simpson alijenga chujio la mchanga la kusafisha maji ya mto Thames kwa ajili ya wakazi wa London. Wakati huo shabaha ilikuwa kuondoa tope. Habari za vijidudu vya magonjwa zilikuwa bado. Chujio la aina hiyo lina siri yake. Nafasi kati ya punje za mchanga ni kubwa mara nyingi kuliko bakteria, kwa hiyo kwa hesabu ya chekecheo la unga, bakteria wangepita bila shida. Hawapiti, kwa sababu maji huenda taratibu sana, sentimita kumi hadi thelathini hivi kwa saa, na juu ya mchanga huota utando wa viumbe hai vinavyonasa na kula vijidudu. Chujio jipya lenye mchanga safi unaong'aa ndilo dhaifu. Hupata nguvu likishachafuka kwa juu.

Ushahidi mkubwa ulipatikana Ujerumani mwaka 1892. Kipindupindu kiliingia Hamburg na kuua watu zaidi ya 8,000. Jirani yake, mji wa Altona, ulinusurika kwa kiasi kikubwa, ingawa wote walikunywa maji ya mto Elbe, na Altona iliyachota chini ya Hamburg, baada ya majitaka ya Hamburg kumwagwa humo. Tofauti ilikuwa kwamba Altona ilichuja maji yake kwa mchanga na Hamburg ilikuwa bado. Miji hiyo ilikuwa imeshikana, watu wakivuta hewa moja na kukanyaga udongo mmoja, na ugonjwa ukafuata mpaka wa mabomba. Robert Koch alilitumia tukio hilo kuwajibu waliosisitiza kwamba kipindupindu hutokana na hewa na udongo.

Mwaka huo huo wa 1892, Dmitri Ivanovsky wa Urusi alieleza jinsi alivyochuja utomvu wa majani ya tumbaku yenye ugonjwa wa madoa. Alitumia chujio la kauri la Chamberland, lililojulikana kwa kuzuia bakteria. Utomvu uliopita bado uliambukiza mimea mizima. Mwaka 1898 Martinus Beijerinck wa Uholanzi alirudia kazi hiyo na kusema hiki si bakteria, ni kitu cha aina nyingine. Elimu ya virusi ilianzia kwenye kilichopita.

Maabara za leo hutumia membreni, yaani karatasi nyembamba za kuchujia, zenye vitundu vya mikromita 0.45 kupima maji ya kunywa. Mililita 100 huvutwa kupitia membreni, kisha membreni yenyewe hulazwa kwenye sahani yenye chakula cha bakteria na kuwekwa kwenye joto la nyuzi 44. Baada ya siku moja hivi, kila kolifomu wa kinyesi aliyenaswa, yaani bakteria anayeashiria kwamba maji yameingiwa na kinyesi, huwa amezaa doa linaloonekana kwa macho. Kwa maji ya kunywa, doa halitakiwi hata moja.

Hapa ndipo penye changamoto yetu, mheshimiwa. Pipa letu la mchanga linatoa maji maangavu ya kupendeza, na tangu asubuhi tumeombwa na watu kadhaa waonje. Tumekataa, na tumebandika kibao cha USINYWE. Tunaweza kuonyesha kwamba tope limebaki. Hatuna njia ya kuonyesha kwamba bakteria nao wamebaki.

Kwa hiyo tunaomba utusaidie kupata seti ya kuchujia kwa membreni pamoja na pampu yake ya kuvuta hewa, inkubeta ndogo ya kutunza joto la sahani, na mtungi wa mvuke wa kuua vijidudu kwenye sahani zilizotumika kabla hazijatupwa. Huu wa mwisho usiachwe hata vingine vikichelewa kupatikana, kwani bila huo walimu wetu hawataturuhusu kuotesha bakteria, na wako sahihi. Tunaomba pia mtaalamu wa maabara ya maji aje atufundishe kuhesabu madoa hayo, maana kwenye picha za vitabu hatukubaliani yapi ni kolifomu na yapi siyo.

Baada ya risala hii, tafadhali anza na meza ya kemia. Karatasi ya mgeni rasmi imeachwa bila kukunjwa.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na katibu wa klabu kwa niaba ya wanachama wote.